Walii wa Norrköping

Troyeville, Johannesburg
11 Januari 2025

Baba mdogo Suhaib,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba baridi ya huko haijakumaliza. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua kwa sababu ya mteremko wa mtaa wetu, lakini ulimi wake uko imara, na jana tu amegombana na mwenye spaza, kile kiduka cha kona, kwa sababu ya mkate uliolala. Mimi bado niko Rosettenville kwenye duka la kushona. Disemba nzima tulikuwa tunashona magauni ya maharusi wa watu, sasa tumerudi kwenye mapazia na zipu.

Mwaka huu, inshallah, gauni litakuwa langu. Posa imepokelewa, mahari imesemwa, na ndoa tumeipanga Jumamosi tarehe 26 Aprili, mwisho wa Mfungo Mosi. Mchumba ni yule Ishaka niliyekusimulia, fundi mwenzangu wa dukani, Mkongo wa Lubumbashi. Amesilimu huu mwaka wa tatu, ingawa mama yake bado anamwita Glody na hana mpango wa kuacha.

Baba hayupo, Mungu amrehemu, na kaka sina. Walii wangu ni wewe. Najua huwezi kuja, na sheikh wetu analijua hilo pia. Anachotaka ni kitu kidogo: siku ile uonekane kwenye simu, uniombe idhini mimi mwenyewe, kisha umwakilishe yeye, awe wakili wako, afungishe ndoa. Utakuwa umeketi kwenye kochi lako na soksi zako za sufu, hakuna atakayekuona miguu.

Ila sasa, Baba mdogo, tangu mwaka mpya nakupigia hupokei. Nakuachia ujumbe wa sauti, unanijibu kwa picha ya theluji. Picha nzuri, lakini haioi wala haiozeshi. Nipigie. Nataka nikusikie kwa masikio yangu ukisema ndiyo.

Mwanao,
Najma


Norrköping
29 Januari 2025

Mwanangu Najma,

Marahaba, na salamu nyingi kwako na kwa shemeji Zubeda. Mwambie mkate uliolala aloweke kwenye chai, amwache mwenye spaza apumue. Mimi nipo. Theluji imefika magotini na jua linachungulia mchana kidogo tu kama mpangaji anayekwepa mwenye nyumba.

Hongera sana, sana. Nilipoisoma barua yako nilisimama nikazunguka meza. Baba yako angesimama pia, kisha angejifanya ana mafua ili tusione machozi.

Kuhusu kupiga, upande wa sauti si wa kutegemea siku hizi. Kwa hiyo tuandikiane barua hivi hivi kwenye simu, kama watu wa zamani, ina raha yake.

Niko likizo kutoka buchani, na kwa kuwa sina kazi ya mikono nimejipa kazi ya macho: nasoma maneno ya Waswidi. Najma, watu hawa wana maneno marefu ajabu! Juzi nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, nimeshika soksi mbichi, nikaona tangazo ukutani. Mtu amepoteza kitu kinachoitwa *barnvagnshjul*. Nilisimama pale mpaka mashine ikamaliza kuzunguka. Kumbe ndani yake wamo watatu: *barn* ni mtoto, *vagn* ni gari la kusukuma, *hjul* ni gurudumu. Gurudumu la kigari cha mtoto. Sisi tunaanza na gurudumu lenyewe, halafu tunataja jamaa zake, la nani, cha nani. Wao wanaanza na jamaa, na mwenye mambo anakuja mwisho kabisa. Inabidi usome lote ndipo ujue ni kitu gani kilichopotea. Na zile *la* na *cha* na *ya* zetu zote, wao wamezifupisha kuwa kijiherufi *s* kimoja, kimejibana pale katikati kama gundi.

Na ukiyafungua maneno yao utacheka. Leso wanaiita nguo ya pua. Mjukuu ni mtoto-mtoto. Kobe, usiniulize kwa nini, wanamwita chura mwenye ngao.

Kuhusu lile jambo la sheikh, nitaandika uwakala kwa mkono wangu, niutie sahihi, niupige picha, nikutumie. Kisheria unatosha kabisa.

Baba yako mdogo,
Suhaib


Troyeville
9 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Huku mvua inanyesha kila jioni na radi inapiga mpaka madirisha yanalia. Mama amepata dawa ya magoti kutoka kwa jirani yetu Duni, ambaye pia ndiye somo wangu. Ameshaanza kunifunda. Somo la kwanza ni kwamba walii akiniomba idhini niinamishe kichwa nikae kimya kabisa, kwa kuwa bibi harusi akinyamaza ndiyo amekubali. Unanijua nilivyo na mdomo, basi fikiria kazi aliyonayo Duni.

Lile neno lako nililipeleka dukani. Nililiandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia na nikajaribu kulisoma kama tulivyofundishwa, ba be bi bo bu. Nikapata *ba*, halafu *rnva*, halafu *gnshju*, halafu nikabaki na *l* moja mkononi haina pa kwenda. Ishaka alicheka mpaka akaizima cherehani. Kisha akachukua chaki, akaniambia, "Weye unakata nguo katikati ya kitambaa. Tafuta fasi balishona." Nikatafuta mahali waliposhona. *Barn*, *vagns*, *hjul*. Ni mapande matatu tu, na kila pande linasimama lenyewe. Ile *s* ndiyo iliyonisumbua, sikujua niiache upande gani wa mshono. Inakaa wapi?

Sasa nikuulize na mengine. Uwakala wa maandishi naujua. Nimemuuliza sheikh na amesema kweli unatosha. Mimi haunitoshi. Karatasi nitapata ya kila kitu katika nchi hii, ya makazi, ya kazi, ya maiti. Ndoa yangu nataka iwe na sauti ya mtu wa baba yangu.

Na kwa kuwa wewe huniambii, nitajiambia mimi. Ni kwa sababu ya Glody, sivyo? Kwa sababu ni Mkongo, au kwa sababu mama yake anaimba kwaya kanisani? Jana Ishaka mwenyewe ameniambia, "Kama baba mudogo hanipende, aseme tu. Miye niko nangoja." Alisema huku anapinda suruali ya mteja na hakuinua macho. Mtu anayependwa hasemi hivyo, Baba mdogo. Imeniuma. Niandikie ukweli, hata ukiwa mfupi.

Najma


Norrköping
16 Machi 2025

Najma mwanangu,

Ramadhani karimu kwenu nyote. Nimekaa na barua yako zaidi ya mwezi. Nimeanza kuijibu nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Na usidhani ni uchovu wa saumu, maana mwaka huu sifungi. Daktari amenikataza. Hapo umeshajua kwamba kuna jambo.

Novemba nilikuwa buchani nimeshika paja la mbuzi. Mteja akaniuliza kama lina mafuta. Jibu nilikuwa nalo tayari, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu anayepiga miayo. Mteja akacheka, akadhani namtania. Nikajaribu tena, ikatoka ile ile. Kisha kisu kikaniponyoka. Ni kiharusi. Kidogo, wamesema, na mimi nashukuru. Mkono umerudi, mguu umerudi, akili haikwenda popote. Nasikia kila kitu na naandika kama unavyoona. Ulimi ndio umegoma. Neno liko kichwani zima, na herufi zake zote, lakini njia ya kushukia kinywani imefungwa.

Kwa hiyo si Glody. Mwambie mtoto wa watu kwamba nampenda tangu alipoizima ile cherehani, na kwamba fundi anayejua mahali pa mshono ni mtu wa kumpa binti. Mwambie leo leo.

Hospitali wamenipa mwalimu wa kusema, dada mmoja anaitwa Ylva, mrefu, ana miwani ya kijani na subira ya kupindukia. Kazi yetu ni kupiga meza. Silabi moja, kofi moja. Tangazo la chumba cha kufulia nilikueleza kweli, ila sikukwambia kwamba nililiandika nikampelekea Ylva, nikamwomba anifundishe neno hilo hilo. Alitaka tuanze na maji na chai. Nikakataa kwa kichwa. Tukaanza nyuma: *hjul*. Wiki nzima gurudumu. Lilipotoka, tukaongeza pande moja mbele, *vagnshjul*, gurudumu la gari. Halafu pande la mwisho. Huo ndio uzuri wa maneno yao, Najma. Unalijenga kutoka mkiani, na kila unapoishia una kitu kamili mkononi.

Mwanzoni nilifanya kosa lako lile lile. Sisi tuliolelewa na ba be bi bo bu tunataka kila kofi liishie mdomo ukiwa wazi, basi konsonanti zote nikazisukumia kofi linalofuata, zikajaa mlangoni, nikakabwa. Ylva akachora mstari kwenye karatasi. Nikautazama nikaona aibu. Miaka yote hii nakata mbuzi kwenye kiungo, na neno nalikata kwenye mfupa! Ile *s* uliyoniuliza inabaki na pande la mbele, kwenye *vagns*. Na kofi la kwanza unalipiga kwa nguvu kuliko yote, la mwisho kwa nguvu kidogo, ili msikilizaji ajue ni kitu kimoja na si vitu vitatu vilivyopangwa foleni. Ukiachia nafasi unaharibu. Nesi wanamwita mgonjwa-mtunzaji, yaani anayetunza wagonjwa. Weka pengo katikati ya neno, na nesi mwenyewe ndiye amekuwa mgonjwa.

Nitakwambia kinachonikera kuliko ulimi wenyewe. Ni watu kunisaidia. Nikianza neno, bosi wangu Msomali analimalizia. Keshia dukani analimalizia. Wanakosea, na mimi natikisa kichwa kukubali ili yaishe, nanunua vitu ambavyo sikuvitaka. Nyumbani nina makopo ya samaki ya kutosha mtaa mzima. Ndiyo maana sikupokea simu zako. Nisingestahimili wewe unimalizie.

Usimwambie mama yako. Akijua yeye asubuhi, adhuhuri Tanga nzima wananisomea Yasini.

Suhaib


Troyeville
18 Machi 2025

Baba mdogo wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma stoo, katikati ya marobota ya vitambaa, na nikalia mle mle. Nilikudhania vibaya na naomba radhi. Ishaka nimemwambia ulichosema. Akasema tu, "Aksanti," akaenda kunawa uso.

Mama pia anajua. Usinikasirikie, aliuona uso wangu nilipoingia, na mama huwezi kumwambia macho yamewashwa na vitunguu mwezi wa Ramadhani saa tisa mchana. Na ndiyo, ameshapiga Tanga. Umesomewa.

Nimekwenda kwa sheikh. Nimemweleza bila kuzunguka. Amesema maandishi ya asiyeweza kusema ni ulimi wake, hakuna shaka yoyote ndani yake, na amekuombea dua ndefu. Kwa hiyo andika, Baba mdogo. Maneno yangu ya mwezi jana nimeyarudisha. Karatasi yako nitaipokea kwa mikono miwili. Sitaki uhangaike mbele za watu, kamera usoni, wanawake wa Troyeville wamejaa chumbani wanakutazama mdomo. Pumzika.

Lakini niendelee kuuliza, maana sasa maneno haya yameniingia na mimi. Usiku wa daku namlazimisha Ishaka kwenye simu anikatie maneno. Hao Waswidi wanatuitaje mimi na wewe? Kiingereza cha huku baba mdogo, mjomba, hata rafiki wa baba aliyekuja kula pilau, wote ni anko. Na wao ni hivyo hivyo?

Mwanao anayekuombea,
Najma


Norrköping
6 Aprili 2025

Mwanangu,

Idi mubaraka, japo imepita. Huku theluji imekwisha, imeacha changarawe barabarani na baiskeli za watu zilizokuwa zimezikwa tangu Krismasi. Nimekula pilau kwa bosi wangu. Alinimalizia maneno mawili tu, naona na yeye anajifunza.

Swali lako limenifurahisha kuliko pilau. Hapana, hawana anko! Wana akili kama zetu. Baba ni *far*, ndugu wa kiume ni *bror*, basi mimi kwako ni *farbror*. Mjomba ni neno lingine kabisa, linaanza na mama. Wewe kwangu ni *brorsdotter*, binti wa ndugu. *Brors*, *dot*, *ter*. Ile gundi ya *s* iko hapo pia, inabaki na ndugu. Neno hili nimelifanyia kazi siku nyingi. Sasa linatoka, asubuhi zaidi kuliko jioni.

Na kwa kuwa linatoka, nakwambia hivi: karatasi sikuandikii. Nitasema.

Usiniandikie ya kunizuia. Ulipotaka sauti nilikupa karatasi, sasa unataka karatasi nami nakupa sauti, ndivyo jamaa wanavyoishi. Mtu wa baba yako yupo. Kama nitashindwa, nitashindwa nikiwa pale.

Nimempelekea Ylva yale maneno ya sheikh. Aliposoma *nimekuwakilisha* akavua miwani. Akataka nimwonyeshe mahali pa mshono. Nikamwonyesha: mimi nimo, wewe umo, wakati umo, kazi yenyewe imo. Sentensi nzima ya kwao imekaa kwenye neno letu moja! Akauliza mbona nasema maneno yetu ni mafupi. Nikaandika, nani kakwambia?

Na kwa makofi ni rahisi, *ni-me-ku-wa-ki-li-sha*, kila kofi mdomo wazi, konsonanti haigombani na mwenzake. Ulimi wangu ulilijua kabla sijaumwa na bado unalikumbuka kidogo. Lakini nina hofu moja, na nakwambia wewe peke yako. Neno la Kiswidi nikikwama katikati, bado nimesema kitu. Nimesema mtoto, nimesema kigari. Letu nikikwama katikati nimesema *nimeku*, na *nimeku* si kitu. Hata kukuomba idhini ni vivyo hivyo, *nikuozeshe* isipofika mwisho sijakuuliza lolote.

Niombeeni. Ylva ameahidi kuja kukaa nami ile Jumamosi, ingawa si siku yake ya kazi. Anataka kuona ndoa inayofungwa kwa simu.

Walii wako,
Suhaib


Troyeville
28 Aprili 2025

Baba mdogo,

Shikamoo kutoka kwa mke wa mtu! Ishaka anakusalimu, ameniachia meza niandike. Mama anakusalimu, magoti yamepona kwa muda ili yacheze, leo yameanza tena.

Nakuandikia kwa sababu wewe uliona kipande kidogo tu cha skrini, na nataka ujue yaliyotokea chumbani.

Tulikuwa kwenye chumba cha mama, wanawake wamejaa kitandani na sakafuni. Mimi katikati, mtandio mpaka kidevuni, nimeinama kama nilivyofundwa. Duni ndiye aliyeishika simu. Sheikh alisimama mlangoni, ametupa mgongo. Ulipotokea na kanzu nyeupe, mama akasema, "Amekonda," nikamfinya.

Ukaanza. Nilisikia na lile kofi lako, nadhani ulikuwa unapiga goti. Najma. Binti. Bakiri. Ulipolitaja jina la baba kulikuwa na mtu nyuma yangu aliyevuta pumzi. Kisha ukasema *unaniruhusu*, lote, polepole, nami nikawa nahesabu na wewe kwa kidole chini ya mtandio. Kisha *niku*. Halafu hakuna kitu.

Uso wako ulisimama. Kofi likasimama. Mle chumbani hakuna aliyejua kwamba unatafuta neno, Baba mdogo, isipokuwa mimi na mama, na sheikh pale mlangoni. Watu wa mji huu simu ikinyamaza wanajua jambo moja. Duni akasema, "Eish, mtandao umeganda. Ngoja nikate nimpigie upya." Na kidole chake kikaenda kwenye kitufe chekundu.

Nikapiga kelele. "Usiguse hiyo simu!" Bibi harusi, na mtandio wangu na hina yangu, nilipiga kelele ambayo nadhani waliisikia mpaka Bez Valley. Duni aliruka. Wanawake wakashika midomo. Na nikaona macho yako yanavyohangaika, nikashindwa kuvumilia, nikasema, "Nimekubali, Baba. Nimekubali."

Sheikh akasema bila kugeuka, "Bibi harusi, bado hujaulizwa."

Hakuna aliyecheka. Tukangoja. Kwa jirani redio ilikuwa inatangaza mpira kwa Kizulu, tukausikiliza mpira. Mama aliufumba mkono wangu ndani ya wake. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha likaja kofi, na *nikuozeshe* ikatoka yote, na *kwa Ishaka* ikafuata nyuma yake.

Sasa ikawa zamu yangu. Ningeweza kusema, nilishasema kabla ya wakati. Nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nilikuwa nalia tu. Duni naye alikuwa analia, simu ikamponyoka ikaangukia godoro, ikabaki inatazama dari. Sheikh akauliza, "Analia au anakataa?" Mama akasema, "Analia." Akasema, "Basi kimya chake ni idhini. Twendeni."

Duni anajisifu mtaa mzima kwamba mwisho wake nilinyamaza kama alivyonifunda.

Ila jambo moja sielewi. Sheikh alipoichukua simu na kukuuliza kama unamwakilisha, wewe ulisema *nimekuwakilisha* mara moja, safi, bila kofi, kama mtu anayeagiza nyama. Sote tulisikia, hata ndani ya vigelegele. Ilikuwaje? Na wewe huko uliona nini wakati simu imeanguka? Niandikie yote.

Mwanao,
Najma, mke wa Ishaka


Norrköping
5 Mei 2025

Mwanangu, mke wa Ishaka,

Marahaba, marahaba tena. Mpe mumeo mkono wangu. Huku miti imeanza kutoa majani na watu wameketi nje kwenye ngazi wakila jua. Mimi nimerudi buchani nusu siku, nyuma, kwenye visu, mbele kwa wateja bado.

Nilisikia ulipojibu kabla ya swali. Nilisikia pia sheikh alivyokurudi, na nilimshukuru moyoni, kwa sababu lile swali lilikuwa langu na nilitaka kulimaliza.

Simu ilipoanguka niliona taa ya mama yako na dari yenye alama ya maji. Nasikia watu wanapumua, nasikia mpira wa Kizulu, na wewe sikusikii. Ylva alikuwa ameketi pembeni yangu amekunja mikono. Hajui Kiswahili hata kidogo, lakini kimya anakijua, ndiyo kazi yake. Alinitazama kwa huruma sana. Akaniuliza taratibu, "Amekataa?"

Mimi nilikuwa sina shaka hata chembe. Nilijua jinsi ulivyoinama, nilijua mkono wako uko wapi. Nikamwandikia kwenye karatasi kwamba umekubali. Akasoma, akaangalia ile dari, akasoma tena. Akasema, "Lakini yeye hajasema neno lolote."

Maskini mwalimu wangu, miezi yote ananitoa kimya kinywani kwa makofi, na hapo namwambia kwamba bibi harusi wetu akinyamaza ndipo amesema. Ungeuona uso wake, Najma! Nikacheka. Sikukitafuta kile kicheko wala sikukipigia goti. Kilitoka kwa sauti yangu mwenyewe ya zamani, ile ambayo baba yako aliigiza kila Idi, na sikuwa nimeisikia tangu Novemba. Sheikh akaokota simu katikati ya kicheko, akaniuliza lile la kwake, na jibu likatoka nyuma ya kicheko hicho hicho, kabla ulimi haujakumbuka kwamba unaumwa.

Baba yako mdogo,
Suhaib